Ajali nyingi za kazini zimeshaandikwa kwenye vitabu vya wodi za majeruhi, ila hakuna anayezisoma

Karani wa Wodi (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Nimetunza kumbukumbu za wagonjwa hospitalini kwa miaka mingi, sehemu kubwa upande wa upasuaji na majeruhi. Naleta jambo hili hapa kwa sababu humu mna mafundi, masista, watu wa takwimu na vibarua, na kila mmoja ana kipande chake.

Tukitaka kujua ni watu wangapi wanaumia kazini, tunamuuliza mwajiri. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri apeleke taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, ndani ya siku saba tangu apate habari ya ajali. Mfuko ulianza kazi Julai 2015, na kwa mtu mwenye mwajiri anayechangia umekuwa msaada wa kweli: anatibiwa, analipwa asilimia 70 ya mshahara akiwa nje ya kazi kwa muda, na akifariki wategemezi wake wanapata pensheni. OSHA, yaani wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nao wana sheria yao ya mwaka 2003. Sina ugomvi na hayo yote.

Ila hesabu inayoanzia mezani kwa mwajiri inaishia pale mwajiri anapotaka iishie. Kijana aliyeokotwa kijiweni asubuhi kwenda kumwaga zege hayumo kwenye orodha ya mishahara. Mchimbaji anayeshuka kwenye duara (shimo la madini) la mtu kwa makubaliano ya kugawana mawe hana mkataba. Mama anayelisha miwa kwenye mashine ya kukamua juisi stendi, bosi ni yeye mwenyewe. Hawa wakiumia, nani ajaze fomu?

Lakini wote wanaletwa mapokezi ya dharura. Wa kampuni kubwa analetwa na gari la kampuni, kibarua analetwa kwa bajaji na wenzake, na wote wanaandikwa kitabu kimoja. Ndiyo maana nasema hospitali inajua kuliko ofisi yoyote.

Sasa tazameni tunachoandika. Mstari wa kawaida kabisa: "ME, 24, amekatika vidole viwili mkono wa kushoto. Sababu: mashine." Basi. Mashine gani? Ya kuranda mbao, ya kukoboa mpunga, ya kukamua miwa, grinda ya kukatia vyuma? Kila moja inakata kivyake na kila moja ina kinga yake. Mstari unaofuata: "ME, 31, amevunjika paja. Sababu: ameanguka." Kutoka wapi? Juu ya mwembe, kwenye mirunda ya ujenzi ghorofa ya tatu, au kwenye ngazi ya kwao? Daktari anayetibu hana haja kubwa na jibu, mfupa ni ule ule. Ila kwa anayetaka ajali isijirudie, jibu hilo ndilo lote.

Naendelea hapa chini, naomba mnivumilie.

---

Karani wa Wodi

Wenzetu waliojaribu walipata nini?

Jimbo la Michigan, Marekani. Takwimu rasmi za nchi ile zinatokana na dodoso linalojazwa na waajiri. Kwa mwaka 2007 zilikadiria watu 160 waliokatika viungo kazini jimboni humo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State, chini ya Dkt. Kenneth Rosenman, wakaingia kwenye mafaili ya hospitali na kuyaunganisha na madai ya fidia. Wakapata 708. Hapa tunazungumzia kidole kilichokatika, siyo kikohozi ambacho unaweza kubishana kimetoka wapi. Kama kidole kinapotea kwenye hesabu katika nchi yenye makaratasi mengi vile, sisi je?

Walichofanya baada ya hapo ndicho kilichonivutia zaidi. Sehemu za kazi ambazo zilionekana bado zina hatari zilipelekwa kwa wakaguzi wa usalama wa jimbo, kwa maana mashine iliyomkata mtu wa kwanza mara nyingi ipo pale pale na mtu mwingine ameshasimama mbele yake.

Alaska nako. Tangu 1991 wana daftari la majeruhi la jimbo zima, hospitali zao zote zinaingiza humo majeruhi waliolazwa. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, ikalisoma kwa upande wa wavuvi. Kila mtu alikuwa anajua wavuvi wa kule wanakufa kwa kuzama. Daftari likaonyesha kundi jingine: waliobaki hai lakini wakalazwa kwa sababu ya mitambo ya juu ya sitaha. Mmojawapo ni winchi ya kuvutia nyavu. Ngoma yake inazunguka muda wote katikati ya sitaha. Mkono wa koti au kamba ikinasa, mtu anazungushwa nayo, na swichi ya kuizima iko mbali, yeye haifikii. Wahandisi wakabuni kitufe cha dharura kinachokaa juu ya ngoma yenyewe, ili anayevutwa akipige kwa mkono wake. Kutoka kwenye daftari la hospitali mpaka kitufe juu ya winchi! Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka.

Na msiseme hayo ni ya wenye fedha. Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1990, Dkt. Olive Kobusingye na wenzake walianzisha daftari la majeruhi kwa fomu ya ukurasa mmoja. Humo ndimo ilimotoka Kampala Trauma Score, kipimo cha ukali wa jeraha kisichohitaji mashine ya gharama: umri, presha, upumuaji, fahamu na idadi ya majeraha makubwa. Kimetumika nchi nyingi. Kwa hiyo kalamu na karatasi vinatosha kuanzia.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kwa kila majeruhi aliyelazwa, karani au sista aulize mambo manne na kuyaandika kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe: ulikuwa unafanya kazi? Kazi gani? Ni kitu gani hasa kilikuumiza? Ilikuwa eneo gani? Basi.

Naomba kuwasilisha.

---

Saidia Fundi

Mkuu, umenigusa. Mimi niko upande wa wanaoletwa kwa bajaji.

Nilianguka na ndoo ya zege, mirunda iliachia. Aliyenipeleka hospitali ni fomeni mwenyewe, kwa wema kabisa, alinilipia hata kadi. Ila njiani aliniambia, "Ukiulizwa sema umeanguka nyumbani, wakijua ni saiti watataka PF3 ya polisi na mambo yatakuwa marefu, mimi nitakutibia." Nilipofika, sista aliuliza umepatwa na nini, akajibu yeye. Mimi nilikuwa nagugumia maumivu tu. Kwenye faili langu imeandikwa nimeanguka nyumbani mpaka leo.

Siyo kwamba nilidanganywa sikuelewa. Nilielewa. Nilikuwa na familia, na nilitaka nikipona nirudi pale pale. Nikisema kweli ningepata nini? Mkataba sina, jina langu halipo popote. Hesabu yangu ni rahisi, mkweli anakosa matibabu na anakosa kazi.

Sasa hayo maswali yako manne, ukimuuliza mtu fomeni akiwa amesimama kichwani, utapata majibu ya fomeni.

---

Karani wa Wodi

@Saidia Fundi pole sana ndugu yangu, na asante kwa kusema wazi. Ulichoeleza nimekiona mara nyingi kutoka upande wa pili wa meza. Anayejibu siye anayeumwa.

Nadhani dawa yake ni mbili. Kwanza, swali lisiulizwe mapokezi. Liulizwe wodini, kesho yake au keshokutwa, aliyemleta akiwa ameshaondoka na mgonjwa ameshapata dawa ya maumivu. Pili, mgonjwa aambiwe jibu linaenda wapi. Kwenye daftari hili hapaandikwi jina lake wala jina la aliyemwajiri kama hataki. Panaandikwa "saidia fundi, ameanguka kutoka kwenye mirunda, ghorofa ya pili, mirunda imefungwa kwa kamba". Hiyo inatosha kabisa kwa kazi ninayoizungumzia.

Kudai fidia ni njia nyingine na ina fomu zake. Tukizichanganya hizi mbili, watu wataogopa zote mbili.

---

Sista wa Zamu

Nimesoma yote. Niseme kwa upendo, kaka Karani, lakini niseme.

Hujasimama mapokezi usiku basi limepinduka. Wanaletwa kumi na mbili, mko wawili na intani mmoja. Hapo mtu anatafuta mshipa wa kuweka dripu, hatafuti sababu ya ajali. Ukiniongezea safu nne kitabuni nitakujazia, kwa sababu nitaambiwa nisipojaza nitaandika barua ya kujieleza, lakini nitajaza "ajali" kote. Takwimu nyingi za afya nchi hii zinajazwa mwisho wa mwezi kwa staili hiyo na tunajua sote. MTUHA yenyewe, mfumo wetu wa taarifa za afya, ina vitabu vya kutosha.

Kwa hiyo hilo la kuuliza wodini nakubaliana nalo asilimia mia. Na nakuongezea: muda mzuri siyo raundi ya daktari, pale wagonjwa wanaogopa. Ni wakati wa kufunga kidonda. Ukikaa na mtu dakika ishirini unamfungua bandeji, anakusimulia mwenyewe bila kuulizwa. "Sista, ile mashine bwana, mkanda ulikuwa umelegea, nikasema niukaze bila kuzima." Hayo ninayasikia kila wiki na hayaandikwi popote. Nikitoka hapo nimeandika "kidonda kisafi, kinaendelea vizuri".

Naomba daftari lako likae kwenye toroli ya kufungia vidonda.

---

Karani wa Wodi

Sista, hilo la toroli sikuliwaza kabisa na ni bora kuliko langu. Nalichukua.

Tena umenikumbusha jambo. Mfano wako wa mkanda uliolegea hauna msimbo. Wale wanaotumia ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha, wanajua kuna misimbo ya sababu za nje. W12 ni kuanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, W14 ni kuanguka kutoka juu ya mti, W30 ni mashine za kilimo, W31 ni mashine nyingine zote. Ipo nafasi ya kuonyesha mtu alikuwa anafanya shughuli gani, namba 2 ni kazi ya kujipatia kipato, na ipo nafasi ya mahali, namba 6 ni kiwandani na maeneo ya ujenzi, namba 7 ni shambani. Ipo hata Y96, hali inayotokana na kazi. Vyumba vipo, tatizo haviingizwi mtu.

Lakini hata vikijazwa vyote, W31 inameza kila kitu: randa, kinu, mashine ya kufyatulia matofali. Ukinipa W31 mia moja sijui niende kwa fundi yupi. Sentensi moja ya mgonjwa kuhusu mkanda uliolegea inanipeleka moja kwa moja. Kwa hiyo msimbo uwepo kwa ajili ya kuhesabu, ila sentensi ya mgonjwa isifutwe kwa ajili ya msimbo.

---

Seremala Keko

Habari zenu. Mimi siyo mtu wa takwimu. Ninachana na kuranda mbao, na mmegusa ofisi yangu.

Niwaeleze vidole vinavyoondoka kwenye mashine ya kuranda, kwa kuwa naona humu wengi hamjasimama mbele yake. Mbao ndefu haina shida, mikono yako iko mbali na visu. Hatari ni kipande kifupi, cha urefu wa kiganja na nusu hivi, labda unatengeneza mguu wa stuli. Unakikandamiza kwa mkono wa kushoto ili kisirukeruke. Kikifika kwenye visu kikakutana na fundo, kinapigwa nyuma kwa nguvu. Kipande kimeondoka, lakini mkono wako ulikuwa unasukuma chini, na chini sasa hakuna mbao. Ni visu. Hujui mpaka uone damu.

Kinga yake ipo na ni ya bei ndogo: kijiti cha kusukumia chenye kisigino, unakichonga mwenyewe kwa mabaki ya mbao, na bati la kufunika visu linalosogea mbao inapopita. Mashine nyingi tunazonunua zimeshatumika, bati hilo lilishang'olewa zamani. Nyingine zimechongwa hapa hapa mtaani na hazikuwahi kuwa nalo. Na wapo wanaoling'oa kwa kuwa linachelewesha kazi, mteja anataka kitanda chake.

Ninachotaka kuuliza: hiyo habari mkishaiandika hospitali, itanifikia vipi mimi? Mkaguzi akija hapa watu wanafunga milango, wanajua ni faini. Lakini angekuja mtu akasema, "Jamani, miezi hii vijana kadhaa wa maseremala wamepoteza vidole vya mkono wa kushoto, wote kwa kipande kifupi," mimi ningewaita vijana wangu wote wasikilize. Sisi hatujui wa karakana ya tatu kaumia vipi. Tunasikia tu "fulani kakatika", tunachangishana nauli, tunaendelea.

---

Karani wa Wodi

Fundi, umeandika kwa ufupi kile ambacho mimi nimezunguka nacho tangu juu. Mkono wa kushoto, kipande kifupi. Kwenye faili mkono wa kushoto upo, kwa sababu daktari lazima aandike upande. Kipande kifupi hakipo. Tungekuwa nacho, tungeona mfuatano bila utafiti wa fedha nyingi.

Kuhusu kukufikia: mimi naona kila robo mwaka hospitali itoe karatasi moja, bila jina la mtu wala karakana, ikisema majeraha ya kazini tuliyoyaona na namna yalivyotokea. Nakala iende OSHA kanda, nyingine kwa afisa afya wa halmashauri, nyingine kwa viongozi wa mafundi wa eneo. Maafisa wa halmashauri wanaingia mitaani kila siku kwa ajili ya vyoo na migahawa, wanaweza kubandika karatasi ukutani.

---

Mkaguzi wa Zamani

Uzi mzuri. Nimestaafu ukaguzi wa sehemu za kazi, naomba niongeze tahadhari kwa sababu nimeona takwimu nzuri zikitumiwa vibaya.

Hospitali inakupa idadi ya walioumia, haikupi idadi ya waliokuwa kazini. Ukiona mafundi ujenzi arobaini na wachimbaji kumi huwezi kusema ujenzi ni hatari mara nne ya uchimbaji. Labda mafundi ni wengi zaidi mjini pale. Tena hospitali kubwa kama Muhimbili na taasisi ya mifupa ya MOI zinapokea rufaa kutoka kila pembe, hivyo daftari lao lina majeraha mazito ya nchi nzima na mepesi ya Dar es Salaam. Linganisha hospitali na yenyewe ya mwaka jana, usiilinganishe na jirani yake.

Waliokufa papo hapo hawafiki wodini. Mererani mwaka 2008, mvua ilipojaza maji mashimo ya tanzanite, wachimbaji makumi kadhaa walifia chini. Daftari la wodi lisingekuonyesha hata nusu ya msiba ule. Kwa hiyo kitabu cha mochwari na cha polisi visomwe pamoja na cha wodi, vinginevyo sehemu inayoua kabisa itaonekana salama kuliko inayovunja mguu.

Halafu kuna wanaoumia polepole. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu karibu milioni 2.93 walikufa duniani kwa sababu za kazi, na kati yao waliouawa na ajali ni kama 330,000. Waliobaki ni magonjwa. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe miaka kumi na mitano haendi wodi ya majeruhi. Anaenda kliniki ya kifua, anaanzishiwa dawa za TB, wakati mwingine anazo zote mbili. Daftari la Karani halitamwona kabisa. Sisemi msilianzishe, nasema juu yake kiandikwe wazi "majeraha tu", asije kiongozi akalisoma akadhani ndiyo hali yote ya afya kazini.

Jambo la mwisho. Wapo watakaopendekeza njia ya mkato ya kuangalia nani kalipa bili: kama ni mfuko wa fidia, basi ni ajali ya kazi. Marekani wameitumia sana njia hiyo kwenye rekodi za hospitali. Kwetu itawakamata wale wale ambao mwajiri ameshawaripoti. Saidia Fundi hapo juu alilipiwa taslimu.

---

Jirani wa Eldoret

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku tuna sheria ya fidia ya majeraha kazini, WIBA, ya mwaka 2007, na mwajiri anatakiwa kuripoti kwa idara ya usalama na afya kazini, DOSHS, ndani ya siku saba, akifa mtu ni ndani ya saa ishirini na nne. Fomu yetu ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Shida inafanana: daktari anajaza sehemu yake pale tu mgonjwa anapoleta fomu, na fomu inaanzia kwa mwajiri. Watu wa jua kali, yaani mafundi wa sekta isiyo rasmi, hawaileti kwa kuwa hawana wa kuianzisha.

Swali langu ni juu ya bodaboda. Wodi zetu za mifupa zimejaa waendeshaji. Wote wanaandikwa ajali ya barabarani. Je, huyo mnamhesabu kama aliyeumia kazini? Maana mkimweka, hesabu yenu yote itakuwa bodaboda. Mkimwacha, mmeacha vijana wengi kuliko kundi lingine lolote.

---

Binti Takwimu

Mimi siafiki kumweka. Ajali ya barabarani ina mkondo wake, polisi wa usalama barabarani wanaihesabu tayari. Tukiichukua huku tutahesabu mtu mara mbili.

---

Karani wa Wodi

@Binti Takwimu nakuelewa, lakini hapo natofautiana nawe, na natofautiana sana.

Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, ana hesabu ya mwenye pikipiki ya kupeleka jioni, amebeba abiria wake wa kumi na tano saa tatu usiku, huyo yuko kazini kuliko mimi niliye ofisini. Pikipiki ndiyo karakana yake. Tukimwandika "ajali ya barabarani" peke yake, suluhisho tutakalolifikiria ni la barabara: tuta, kofia ngumu, leseni. Hayo ni sawa. Lakini hatutauliza ameendesha saa ngapi mfululizo, wala hesabu ya siku ni kiasi gani, wala kama anakimbiza ili aifikie. Hayo ni maswali ya kazi.

Kuhesabu mara mbili siyo hatari, mradi mstari mmoja uwe na alama mbili: ya barabara na ya kazi. ICD yenyewe imeachia nafasi hiyo, njia ya ajali ni kitu kimoja na shughuli aliyokuwa anafanya ni kingine. Swali la kumuuliza ni jepesi: ulikuwa na abiria au mzigo, au ulikuwa unatafuta abiria? Akisema ndiyo, ni kazini. Akisema alikuwa anaenda harusini kwa shangazi yake, ni barabara tu.

Na @Jirani, kama hesabu yote itakuwa bodaboda, basi iwe. Tutakuwa tumejua.

---

Binti Takwimu

Sawa, la alama mbili nimelikubali. Ila usilikwepe suala la usiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Ukiandika "seremala, miaka 24, vidole viwili, kushoto, mtaa fulani", mtaa mzima utajua ni nani hata bila jina. Ile karatasi ya kila robo mwaka isitaje umri kamili wala mtaa. Wilaya inatosha. Na kama tukio ni moja tu robo hiyo, liunganishwe na robo inayofuata kabla ya kutoka.

---

Karani wa Wodi

Hilo ni sahihi na nalichukua lote. Daftari la toroli libaki ndani ya hospitali chini ya ufunguo wa kitengo cha kumbukumbu, itoke muhtasari tu.

---

Saidia Fundi

Nimerudi kusoma. Ile ya kuulizwa wakati wa kufungwa kidonda, fomeni hayupo, mimi ningesema. Kwa kweli ningesema yote. Ningetaja na ile kamba ya katani iliyokuwa inafunga mirunda, ilikuwa imenyeshewa wiki nzima, sote tulikuwa tunaiona.

---

Sista wa Zamu

Wapendwa, mrejesho mdogo. Nimezungumza na mama yetu msimamizi wa wodi ya upasuaji wanaume na mtu wetu wa kumbukumbu. Msimamizi amekubali tujaribu kwenye wodi hiyo moja kwa kibali cha mganga mfawidhi, ambaye tunamwandikia barua. Tutatumia kaunta buku tuliyoipiga mistari wenyewe: tarehe, kundi la umri, kazi, kilichomuumiza, ilivyokuwa. Safu ya mwisho tumeifanya pana kuliko zote.

Kuna jambo moja limetushinda kukubaliana. Leo tuna baba amejikata mguu kwa shoka akisafisha shamba lake mwenyewe, mahindi ni ya kula nyumbani, hauzi. Msimamizi anasema siyo kazini. Mimi nasema ni kazini. Tumwandike?

---

Karani wa Wodi

Mwandike, Sista. Kwenye safu ya kazi weka "mkulima, shamba lake, chakula cha nyumbani". Anayetaka kuhesabu wenye kipato tu atamtoa mwenyewe baadaye, lakini asiyeandikwa hawezi kurudishwa. Na muulize shoka lilichomoka mpini au liliteleza kwenye mti.

---

Sista wa Zamu

Nimemuuliza jioni hii. Lilichomoka mpini.